Mia Tano ya Kunyamazisha Breki

Mathe alilipa mia tano ili gari inyamaze. Sitanii. Februari hivi X-Trail yetu ilianza kulia kila akikanyaga breki, ile sauti nyembamba kama mtu anakwaruza sahani na uma. Akaipitisha kwa fundi fulani hapa Kitale asubuhi akienda zake Bungoma. Fundi akatoa tairi ya mbele ya kulia, akagonga kitu mara mbili tatu, akarudisha tairi. Dakika ishirini tu. Kelele ikaisha. Mathe akafurahi, akalipa, akashuka hadi Chwele sokoni, na akaendelea kushuka na kupanda hivyo karibu miezi miwili, nyuma ikiwa imejaa magunia ya vitunguu.

Nilikuja kujua alichogonga mwezi wa Aprili, na hicho ndicho kimenifanya niandike hii. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kama kwenu kuna gari na wewe ni mtu mzima mwenye mikono miwili, fungua breki zake za mbele hata mara moja maishani. Sijasema uache mafundi. Nimesema ufungue uone kilicho ndani, ndio siku mtu akikuuzia ukimya ujue umenunua nini.

Wacha nieleze ile kelele kwanza, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuambiwa. Ndani ya tairi ya mbele kuna diski ya chuma inayozunguka na tairi. Kuna pedi mbili (ndio, zinaitwa pedi, chekeni mmalize) zinazoibana hiyo diski kutoka pande mbili ukikanyaga breki. Pedi ikiwa mpya, ile sehemu yake ya kusuguana ina unene wa kama milimita 10 au 12. Ikifika 3, watu wa magari wanasema badilisha. Sasa waliotengeneza walijua hakuna mtu atakuwa anapima kila Jumapili, kwa hivyo kwenye pedi nyingi wanaweka kibati kidogo cha chuma. Pedi ikiisha kiasi fulani, kibati kinagusa diski na kuanza kulia. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ni king'ora.

Yule fundi alikunja king'ora.

Nilikiona kwa macho yangu, kimepindwa upande kama kifuniko cha soda, na alama ya bisibisi bado ipo. Pedi yenyewe hakuigusa. Mathe alikuja na gari inayosema "nimekwisha", akaondoka na gari ileile, imekwisha vilevile, ila sasa haiwezi kusema.

Na fikiria hiyo njia. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Bungoma iko kama mita 1,400. Yaani kila safari ya Mathe ni kushuka karibu nusu kilomita ya wima, kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye ndio ukate kwenda Bungoma, na katikati kuna matuta, bodaboda, ng'ombe na malori ya miwa. Gari kama yetu ikiwa na mzigo inakaribia tani mbili. Ukikanyaga breki, uzito wote unalala mbele, ndio maana breki za mbele zinafanya kama sehemu saba kwa kumi za kazi. Na ukiongeza mwendo kutoka 50 hadi 100, nguvu ambayo breki inatakiwa kumeza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Yote inageuka joto. Ile harufu ya kuungua unayosikia ukishuka nyuma ya lori mahali kama Kamatira, kule juu ya Kapenguria, ni hiyo.

Kenya tunapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na tukizungumzia breki, huwa tunawaza malori. Baada ya Londiani, ile tarehe 30 Juni 2023 ambapo zaidi ya watu 50 walikufa, mazungumzo nyumbani kwetu yalikuwa malori, malori, malori. Sawa, malori yaangaliwe. Matatu pia, na zinapelekwa ukaguzi wa NTSA. Lakini gari ya nyumbani, ile ya kubeba watoto wa shule, vitunguu na kukhu akienda kliniki, inaweza kukaa miaka bila mtu yeyote kuinama chini yake. Nyingi zimetoka Japani zikiwa na miaka saba, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza yenye zaidi ya minane, na tukiipokea tunaosha, tunapiga picha, tunaanza safari.

Turudi Aprili. Kilichonishtua hakikuwa kelele, maana kelele ilishauawa. Siku moja nilienda kuosha gari nikaona rimu ya mbele ya kulia imejaa unga mweusi kuliko ile ya kushoto, na kwenye diski kuna mifereji unayoweza kuisikia na ukucha. Khocha alikuwa amekuja kutoka Kanduyi. Huyo ni kaka yake Mathe, ameendesha pikapu miaka mingi kuliko umri wangu, na mtu wa aina hiyo humpingi ovyo. Akachungulia katikati ya rimu na tochi ya simu.

"Mwipwa, hizi bado. Ona hapo, iko nene."

Na kweli ilikuwa nene. Mimi pia niliiona. Tatizo ni kwamba ukichungulia hivyo unaona pedi ya nje peke yake. Ya ndani imejificha nyuma ya diski.

Binamu yangu, binti yake khocha, anasomea umekanika kwa politekniki, yuko mwaka wa kwanza. Alikuwa amesimama hapo amenyamaza kama vile wasichana hufundishwa kunyamaza mbele ya boneti iliyo wazi. Akasema polepole, "Baba, na ya ndani?" Khocha akamwangalia kwa muda. Halafu akasema toeni tairi.

Mathe akatoka jikoni. Neno lake sitalisahau: "Chuo uliacha mwaka wa pili. Hii nayo utaacha tairi ikiwa nje?"

Nilistahili. Lakini tairi ikatoka.

Hapa kuna kitu nataka kusema kuhusu video, kwa sababu mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu. Ukitafuta jinsi ya kubadilisha breki utapata mtu ndani ya gereji yake huko Marekani, sakafu ya simiti, taa, jeki ya magurudumu, dakika nane amemaliza. Uwanja wetu ni udongo mwekundu wa Kitale na unateremka kuelekea geti. Jeki ya gari ukiiweka hapo baada ya mvua, inazama yenyewe kabla gari haijainuka. Tulitafuta kipande cha mbao kipana tukaweka chini ya jeki, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, handibreki juu, gia kwenye P. Nati za tairi tulizilegeza gari ikiwa bado chini, maana ikishainuka ukaanza kuvutana na nati unaweza kuiangusha. Halafu stendi mbili za kuazima, na ile tairi tuliyotoa tukaisukuma chini ya gari, ili hata kila kitu kikikataa gari iangukie tairi na si mtu. Kama huna stendi, acha. Hapo sina mjadala. Jeki inainua, haishikilii.

Bolti ya chini ya kalipa ilikuwa ya spana 14. Ukiitoa, kalipa inainuka kama kifuniko, na unaifunga na waya kwa springi ili isining'inie kwa paipu yake. Pedi ya nje ikatoka: milimita 5 hivi. Khocha akasema, "Si nilisema." Ya ndani ikatoka.

Hakuna aliyesema kitu. Kwa kona moja hakukuwa na pedi tena, ni bati la mgongo lilikuwa linakwaruza diski moja kwa moja. Kwingine labda milimita moja.

Binamu ndiye alitufafanulia. Kalipa ya gari kama hii ina pistoni moja, na iko upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yote inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ile ya nje. Pini zikikauka, au mpira wake ukichanika na vumbi likaingia, kalipa haitelezi tena. Ya ndani inafanya kazi peke yake hadi ife, ya nje inabaki nene, na ukichungulia kwa rimu unaona mambo ni sawa. Pini yetu ya juu ilitoka vizuri. Ya chini ilikataa hadi tukaipiga mafuta ya kulegeza kutu na kuizungusha karibu saa nzima. Yule fundi wa mia tano alikuwa na hiyo pini mbele ya macho yake.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu hubadilisha pedi tu wakafunga. Tungefanya hivyo, pedi mpya ya ndani ingeisha vilevile, na tungelaumu duka. Tulisafisha pini na brashi ya waya, tukapaka grisi ya breki ile inayovumilia joto. Ile ya beringi haifai, inaweza kufura mpira na urudi palepale. Vumbi tulifuta na kitambaa chenye maji. Nimeona mafundi wakilipuliza kwa mdomo au kompresa, na hilo ni jambo mbaya sana, kwa sababu pedi zingine, hasa za zamani na za bei ya kutupa, zina asbesto, na kwa macho huwezi kujua ni gani. Asbesto ikikaa mapafuni inaleta saratani miaka mingi baadaye.

Kununua pedi ilikuwa kichekesho. Duka la kwanza, kabla sijasema ni gari gani, kijana akaniuliza, "Unataka ya bei gani?" Akaweka boksi tatu kwa kaunta: 1,200, 2,000, 3,200. Mbili zilikuwa na jina lile lile, ila maandishi ya moja yalikuwa na herufi zilizopinda. Sheria ya bidhaa ghushi tunayo tangu 2008, na mamlaka yake ipo, lakini hapo kaunta ulikuwa wewe na macho yako. Mimi nilikuwa nimebeba pedi za zamani mfukoni na namba ya chesisi kwa simu. Nikalinganisha umbo, matundu, unene wa bati la mgongo. Nikachukua za 3,200. Ile ya 1,200 haikuwa hata na king'ora.

Halafu diski. Kwenye diski yenyewe, pembeni, kuna namba imechorwa ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Rula haitoshi kupima hiyo, tuliazima kipimo cha venia kutoka kwa jirani mwalimu wa fizikia. Ya kushoto ilikuwa juu ya namba kidogo sana. Ya kulia ilikuwa imepita chini. Na breki hazibadilishwi upande mmoja, kwa sababu gari itavuta upande ukikanyaga. Kwa hivyo diski mbili, na za gari yetu zilipatikana Eldoret, zikaja na matatu siku ya pili yake.

Siku hizo mbili gari ilikaa juu ya stendi na Mathe akaenda Chwele kwa matatu na magunia. Hakuniongelesha jioni. Nilikaa kwa veranda nikiangalia ile gari imesimama kwa miguu ya chuma, nikajiuliza kama kweli najua ninachofanya. Jibu la haki lilikuwa nusu.

Kwa hivyo nilifanya kitu ambacho sasa namwambia kila mtu afanye. Nilienda kwa mzee mmoja fundi anayefanyia kazi chini ya mti, mtaa wa pili kutoka kwetu, nikamwambia: "Shikamoo mzee. Sitaki unifanyie kazi. Nataka nikulipe usimame hapo uniangalie nikifanya, na uniambie nikikosea." Akacheka hadi akakohoa. Akasema miaka yake yote hakuna mtu amewahi kumlipa kwa kuangalia. Tukaelewana elfu moja.

Ile elfu moja ndiyo pesa bora nimetumia mwaka huu. Kitu cha kwanza aliona: pedi tulikuwa tumeziweka kinyume. Ile yenye king'ora tuliiweka nje, na kwa gari yetu inakaa ndani, upande wa pistoni, pale pedi huisha mbele. Mimi na binamu tuliangaliana. Kitu cha pili, alipitisha kidole nyuma ya diski mpya na kutuonyesha kutu tuliyoacha pale inapokalia. Ingekaa mshazari kidogo na usukani ungetetemeka. Tukatoa, tukapiga msasa, tukarudisha.

Cha tatu nusra kinitoe roho. Kurudisha pistoni ndani tulitumia klampu na pedi ya zamani, polepole, chupa ya mafuta ya breki ikiwa wazi na kitambaa chini yake. Mafuta yakafurika. Kumbe mtu alikuwa ameongeza mafuta pale yalipoonekana yameshuka, na huwa yanashuka kwa sababu pedi zinaisha na pistoni inatoka nje. Tukamwaga maji haraka, maana yanakula rangi. Sawa. Tukafunga kila kitu, tukashusha gari, binamu akaenda kunawa, mimi nikaingia, nikawasha, nikaweka gia ya nyuma ili niitoe kwenye mawe. Mzee akapiga boneti na kofi.

"Wewe! Umekanyaga breki?"

Nikakanyaga. Pedali ikaenda hadi chini kama imekatika. Pistoni bado ilikuwa imerudi ndani, hakuna kilichokuwa kinagusa diski. Unatakiwa ukanyage mara kadhaa gari ikiwa imesimama hadi pedali iwe ngumu, ndio uguse gia. Nyuma yangu kulikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko kuna geti, na nje ya geti kuna mama huuza mahindi choma.

Kwa hivyo mtu akiniambia "breki si kitu cha kujaribia", namjibu ndiyo, na nilikuwa karibu kukuonyesha. Kuna vitu sigusi na nakuomba usiguse: mafuta yakivuja, paipu ikiwa imepasuka, pedali ikiwa laini kama sifongo, taa ya ABS ikiwaka. Hizo peleka kwa mtu aliyesomea, na wapo, wana vyeti vya NITA, wengine wametoka hapa Kitale na Sang'alo kwa politekniki. Ila hoja hiyo ina shimo moja. Mathe hakujaribu chochote. Alifanya vile watu wazima hutuambia tufanye: alisikia kelele, akapeleka kwa fundi, akalipa. Na alishuka Kamukuywa miezi miwili na chuma juu ya chuma.

Tofauti ya mafundi hao wawili haikuwa elimu. Wote wanajua pini ni nini. Mmoja aliulizwa "unaweza kutoa hii kelele?" na mwingine aliulizwa "nakosea wapi?" Sisi wateja ndio huuliza lile swali la kwanza, tena tukiwa tumesimama mlangoni, injini inanguruma, tunaangalia saa. Fundi anajua ukimwambia elfu nne utaenda kwa jirani yake. Simtetei, kukunja kile kibati ni kucheza na maisha ya watu. Lakini tulikuja na soko la ukimya na yeye akaleta bidhaa.

Hesabu hii hapa. Pedi 3,200, diski mbili 9,000, grisi na dawa ya kusafisha 700, mzee 1,000. Jumla 13,900. Februari ingekuwa pedi, grisi na mtu wa kuangalia, haifiki 5,000. Zile mia tano zilikula diski mbili.

Cha kufanya kesho hakihitaji hata spana. Mkipeleka gari kwa fundi, omba vitu vya zamani mkononi, vyote. Pedi ya zamani ya ndani na ya nje, uziweke pamoja uone kama zimeisha sawa. Asiye na la kuficha atakupa bila kununa. Na simama hapo. Usiende kunywa chai.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara haijajaa, tuliipeleka kuelekea Kiminini kuzikalisha pedi mpya: unafika 50, unakanyaga taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, unaachilia, unarudia kama mara kumi, halafu unaendesha tu ipoe. Khocha alikuwa kiti cha mbele, ameshikilia kile kishikio cha juu ya dirisha safari nzima. Tukirudi akaachilia.

Mathe alishuka Bungoma Jumatatu. Saa nne akapiga simu, nikadhani kuna shida. Alikuwa anauliza kama ile harufu kidogo ni kawaida. Nikamwambia ndiyo, siku ya kwanza. Akasema haya, akakata. Jioni nilimpata uwanjani amechuchumaa kando ya tairi ya nyuma, leso imefungwa kiunoni, anamulika ndani ya rimu na simu.

"Na hizi," akaniuliza bila kugeuka, "za ndani mnaonaje?"